Nani Aliyechagua Masasi?

Waulize watu watatu wa kusini ni nani aliyeileta Injili Masasi, utapata majibu matatu. Aliyejifunza habari hiyo shuleni atakujibu: Askofu Edward Steere, mwaka 1876. Aliyezaliwa chini ya majabali ya Mtandi atakuambia kwamba askofu alikuja akarudi Unguja, waliobaki ni watu waliokombolewa utumwani, na ni hao walioamua safari iishie pale, ingawa askofu mwenyewe alitaka kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Wa tatu, mtu wa uwanda wa juu wa Newala, atakukumbusha kwamba Masasi ilipovamiwa ni Matola aliyewapokea wamisionari, la sivyo habari yote ingekoma hapo.

Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na hadi leo nasoma masomo ya Jumapili kanisani. Mama yangu ni mtoto wa Masasi. Mjomba, aliyenilipia ada, alikuwa na mikorosho yake Newala. Jibu la pili nililipata kwa bibi tukimenya mihogo, la tatu kwa mjomba tukiokota korosho, na la kwanza nikalikuta kitabuni baadaye. Sijaona kwamba nalazimika kushika moja na kuyatupa mengine. Ninachoona ni kazi ngumu zaidi na yenye haki zaidi: kulifumua kila jibu, na kwa kila kinachodaiwa ndani yake kuuliza, aliyesema hili alikuwa amesimama wapi? Aliliona, aliambiwa, au alilihitaji liwe hivyo?

Wapo wanaosema kupima simulizi za wazee ni utovu wa adabu, na kupima simulizi za kanisa ni upungufu wa imani. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Dini yetu imesimama juu ya ushahidi wa watu walioona. Luka anaianza Injili yake kwa kueleza kwamba amefuatilia mambo kwa waliokuwepo tangu mwanzo. Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya ufufuo, aliwataja mashahidi, wengine kwa majina, akaongeza kwamba wengi wao wako hai bado. Maana yake ni kwamba mwenye shaka aende akawaulize. Watu walioanza hivyo hawawezi kuwaambia wajukuu zao wasiulize. Na kama tunadai ushahidi juu ya mambo ya Yerusalemu, kwa nini tuogope kuudai juu ya mambo ya Mtandi?

Nianze na yale yasiyobishaniwa. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA tunavyoiita, ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Kundi lake la kwanza lilifika nyanda za juu za Shire, karibu na Ziwa Nyasa, mwaka 1861. Homa, njaa na vita vya watumwa vikalishinda. Askofu Charles Mackenzie akafa mwaka 1862, na waliobaki wakarudi nyuma hadi Zanzibar mwaka 1864. Tangu hapo Nyasa ikawa deni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, na watu waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza walipewa makao katika shamba la misheni la Mbweni. Wengi walikuwa wametekwa bara, katika nchi zilizo kati ya pwani na ziwa. Mwaka 1875 Steere alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, chifu mkubwa wa Wayao, kutazama njia. Oktoba 1876 akatoka Zanzibar na watu zaidi ya 50 walioachwa huru, wake kwa waume, pamoja na mmisionari William Percival Johnson na wasaidizi wachache. Wakashuka Lindi, wakapanda na njia ya bonde la Lukuledi. Hawakufika Nyasa. Walikaa Masasi, Steere akarudi Unguja, Johnson akabaki nao. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples.

Hayo hayana ubishi. Ubishi uko katika neno moja la simulizi: waliamua. Nani aliamua?

Tutazame upande wa maandishi kwanza. Taarifa za misheni zinakiri kwamba Nyasa ndiko kulikokusudiwa, na kwamba uzuri wa ardhi na maji ya Masasi ndio uliowafanya wakae. Sasa fikiri taarifa hizo zilikwenda kwa nani. Zilikwenda kwa Wakristo wa Uingereza waliochanga fedha ili deni la Nyasa lilipwe. Kuwaambia kwamba msafara umeishia njiani hakukuwa na faida yoyote kwa askofu. Mtu anapokiri jambo lisilompendeza, mbele ya watu ambao angependa kuwafurahisha, hapo namwamini kuliko anapojisifu. Kwa hiyo sina shaka kwamba mpango ulibadilika, na ulibadilika njiani.

Upande wa wazee nao nawapima kwa mizani ile ile, bila upendeleo, ingawa ni damu yangu. Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama. Shamba, haki, hata mahali pa kuzikwa, mtu alivipata kwa kuwa ni mtoto wa dada wa fulani. Mwanamke aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa au Unguja, akatolewa jahazini na kufundishwa sala Mbweni, alifika Masasi hana mjomba. Watoto wake wangeulizwa: ninyi ni wa nani? Simulizi inayosema sisi tulipachagua hapa wenyewe inawapa jibu. Inawageuza kutoka watu walioletwa kuwa watu waliofika. Kwa hiyo waliihitaji, nami lazima nilitie hilo katika hesabu: kitu ambacho msimulizi anakihitaji sana hakipaswi kukubaliwa kwa sababu tu kinagusa moyo.

Hata hivyo kuhitaji si kubuni. Mashahidi wawili wenye haja tofauti, mmoja akitaka wafadhili wake wasikate tamaa, mwingine akitaka watoto wake wawe na kwao, wanakutana mahali pamoja: msafara ulikusudiwa kwenda mbele, ukasimama Masasi. Hawakupanga pamoja. Hapo nina msingi.

Na kuna shahidi wa tatu ambaye sijaona akiitwa, naye ni majira. Hili nalisema kama mtoto wa wakulima. Walitoka Unguja Oktoba. Huku mvua za kwanza huanguka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Anayefika mahali jua la kiangazi linapokaribia kuisha ana wiki chache za kufyeka, kuchoma na kuwa tayari na mbegu. Akizipoteza, atakula cha watu mwaka mzima, au hatakula. Mbele ya Masasi kulikuwa na mto Ruvuma, na ng'ambo yake mwendo mrefu hadi ziwani. Wanawake na wanaume wale walijua jembe. Askofu alijua Kiswahili kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, lakini jembe halikuwa lake. Nadhani sauti iliyosema tukae ilitoka kwa wale ambao miguu na mikono yao ingelipa gharama ya kuendelea. Steere alikuwa na mamlaka ya kukubali au kukataa, na akakubali. Kwa hiyo jibu la shule na jibu la Mtandi yote mawili yana ukweli: mmoja alitoa ruhusa, wengine walitoa sababu.

Bibi alikuwa na nyongeza yake: walikaa Masasi kwa sababu walipatambua, walikuwa wamefika kwao. Hapa namwacha mkono, kwa upendo. Watekwa wengi walichukuliwa wadogo. Walipitishwa usiku na mchana mikononi mwa watu waliowanunua na kuwauza tena, na nchi walikotekwa ni pana, toka milima ya Wayao hadi mwambao wa ziwa. Inawezekana mmoja au wawili walipatambua mahali. Kwamba kundi zima lililokusanywa kutoka majahazi mbalimbali lilikuwa la Masasi, haiwezekani. Lakini naelewa kwa nini simulizi ilielekea huko. Watu waliozaa na kuzika mahali hupafanya kuwa kwao hata kwa nyuma, hadi siku ya kwanza kabisa.

Njia hii ya kupima si yetu peke yetu, na msomaji ataona nguvu yake akitazama mfano mkubwa kuliko wetu. Wakristo wa Malabar, kusini mwa India, wanaamini kwamba Mtume Tomaso alishuka kwao mwaka 52. Kitabu cha kale cha Matendo ya Tomaso, kilichoandikwa kwa Kisiria karne ya tatu, kinamtaja mfalme wa India aitwaye Gundaphar. Kwa muda mrefu wataalamu walimdhania ni mfalme wa hadithi tu. Karne ya 19 sarafu zake zikafukuliwa, kisha likapatikana jiwe lenye maandishi huko Takht-i-Bahi, katika Pakistani ya leo, linaloonyesha kwamba alitawala kweli katika karne ya kwanza. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu kile alikuwa ameshika jina la kweli. Njia nayo ilikuwepo: mabaharia wa Misri ya Kirumi walivuka bahari kwa pepo za msimu, kaskazi na kusi zile zile zinazojulikana kwetu. Lakini mfalme wa kitabu ni wa kaskazini, mbali sana na Malabar, na sarafu ya mfalme haimtaji mgeni wake. Mfalme amethibitika, njia imethibitika, safari ya Tomaso inawezekana, na bado haijathibitika.

Naleta mfano huo kwa sababu mara mbili tatu nimesikia kijana mwenye bidii akidai kwamba mitume walifika hata pwani yetu. Hoja yake huwa ni hiyo ya njia. Ni kweli, kitabu cha safari za Bahari ya Shamu kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii, na merikebu zilifika. Ila njia kuwepo hakuthibitishi kwamba fulani alipita. Hakuna kaburi, hakuna maandishi, hakuna jina wala jumuiya ya Wakristo wa wakati huo kusini ya Pembe ya Afrika. Kwa Aksum, Ethiopia, ambako Frumentius alihubiri karne ya nne, ushahidi uko tele, hadi msalaba katika sarafu za Mfalme Ezana. Kwetu hakuna. Tusijitafutie mtume kwa wivu.

Afadhali tushike kidogo kilicho imara. Mwaka 1542 Francis Xavier, akielekea Goa, alipita Malindi. Septemba ya mwaka huo huo aliandika barua, naye anaeleza kwamba walimzika hapo mtu aliyefia chomboni, na kwamba mzee mmoja wa Kiislamu alimlalamikia kuwa katika misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Ni mwenyewe aliyekuwepo, aliandika baada ya miezi michache, na mazungumzo aliyoyasimulia hayana muujiza wala ubatizo wa kumpa sifa. Barua kama hiyo ina uzito. Leo pale Malindi kuna kanisa dogo la Wareno, na wageni hulihusisha na jina lake. Barua inathibitisha maziko. Kuta zile haizithibitishi. Ukiyatenganisha hayo mawili humdhulumu mtakatifu wala mji.

Turudi kwetu kusini. Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliivamia Masasi. Waliokuwepo walikimbilia majabalini. Baadhi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Padri W. C. Porter alifunga safari kuwafuata hadi Ungoni kujaribu kuwakomboa. Fikiri mtu aliyetekwa mara moja utotoni, akaachwa huru, akalima, kisha akatekwa tena katika kijiji cha kanisa. Watu wa Masasi hawakuisahau habari hii, na maandishi na simulizi zinaoana kwa sehemu kubwa. Mwaka 1883 Maples alihamishia makao Newala, ambako misheni ilikuwa na kituo tangu miaka michache kabla. Chifu wa hapo, Myao aitwaye Matola, akawa mwenyeji wao.

Mjomba alipomsimulia Matola, alimsimulia kama mtu mmoja aliyeishi muda mrefu ajabu. Matola aliyewapokea mapadri, Matola aliyekabiliana na Wangoni, Matola aliyekuwa na Wajerumani wakati wa vita vya Majimaji. Lakini Matola wa kwanza alifariki mwaka 1895, miaka 10 kabla ya Majimaji, na mrithi wake akalichukua jina. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyepita nchi yetu mwaka 1906, alimkuta huyo wa pili Chingulungulu. Kwetu anayerithi jina hurithi na watu na madeni, na katika kumbukumbu hurithi hata matendo. Mjomba hakusema uongo. Alisimulia cheo, nami mwalimu wa historia nilikuwa nikitafuta mtu. Barua za wamisionari zina upungufu wa namna nyingine: walimpenda Matola wa kwanza, wakamwandika kama mfano wa chifu mwema. Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1979 juu ya machifu hao, alionyesha pengo lililokuwepo kati ya walivyotazamwa na Wazungu na hali yao halisi. Mtu aliyekuwa na Wangoni mlangoni alikuwa na sababu zake za kutaka wageni wenye marafiki Unguja. Sababu hizo haziharibu ukarimu wake. Zinamfanya awe mtawala mwenye akili, si sanamu ya dirishani.

Weule ananisaidia kwa jambo jingine. Aliandika simulizi ya Wamakonde ya asili yao: mtu wa porini aliyekuwa peke yake akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha, ukawa mke, watoto wao wakafa walipokaa karibu na maji, hadi walipopanda juu mtoto akaishi. Mjomba hakujua Kijerumani, wala hakuwahi kukiona kitabu kile. Alinisimulia habari hiyo na mifupa yake yote ikiwa mahali pake: upweke, mti, mke, vifo vya watoto bondeni, uzima juu. Kwa hiyo nikisikia mtu akidharau kumbukumbu ya midomo kwa jumla, namwambia kwamba kwenye uwanda huu imehifadhi umbo la simulizi vizazi kadhaa. Inachopoteza ni tarehe, na mipaka kati ya mtu na mrithi wake. Ukijua inachopoteza, unajua pia pa kuiamini.

Kuna jina ambalo simulizi na vitabu vya shule vyote vimelipita haraka, nalo laniuma. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyekuwa mtumwa utotoni. Alisoma Kiungani, Unguja, akapelekwa St Augustine's College huko Canterbury, akawa shemasi mwaka 1886 na kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kupata ukasisi. Aliishi na kufundisha Chitangali kuanzia 1886 hadi 1897, akiwa na mkewe na watoto, bila Mzungu wa kumwangalia. Huko ndiko Injili ilipoingia katika nyumba za wenyeji wenyewe, ikatoka nje ya kijiji cha watu walioletwa. Chifu Nakaam akawa Mkristo kwa jina la Barnaba. Ukiniuliza nani aliyeileta Injili katika nchi hii, badala ya nani aliyefika nayo kwanza, Majaliwa yuko mbele kwenye orodha yangu. Na ushahidi wake si wa kubahatisha. Una tarehe, una mahali, una watu waliobatizwa na wajukuu wao.

Ndivyo ilivyo pia kwa jando la Kikristo. Linasifiwa kuwa kazi ya Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926. Lucas alilitetea kwa kalamu na kwa moyo, namheshimu. Lakini mtu hawezi kugeuza jando bila wazee wa jando, na kumbukumbu alizoandika Padri Kolumba Msigala, mtu wa nchi hii, zinawaonyesha makasisi Waafrika wakiwa katikati ya shauri. Aliyetia sahihi anaonekana kirahisi kwenye karatasi. Waliojadiliana usiku kucha kabla ya sahihi ile lazima watafutwe.

Simulizi za kanisa nazo hunyamazia mengine. Agosti 1905, Majimaji ilipofika huku, misheni ya Masasi ilichomwa moto, na za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao vilevile. Walioshika mienge walikuwa watu wa nchi hii, majirani, na baadhi yao bila shaka babu zetu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mlima Mtandi yanayosema wenyeji walimpokea Kristo kwa furaha. Baadhi walimpokea. Wengine walikuwa Waislamu, waliofundishwa na walimu waliopita njia zile zile za misafara kutoka Kilwa na Lindi, nao wana simulizi zao za nani aliileta dini Newala, zinazostahili kupimwa kwa heshima ile ile. Na wengine waliona padri na boma ni kitu kimoja, wakatenda hivyo. Historia ya kanisa isiyo na mwaka 1905 ni ya upande mmoja.

Sasa lile lililo zito kuliko yote. Bibi alimalizia kila mara kwa kusema: ni Mungu aliyewasimamisha pale. Je, hilo nalo linapimika?

Kwa barua na majira, halipimiki. Hakuna karatasi itakayoonyesha mkono wa Mungu ukiwa juu ya msafara wa Oktoba 1876, wala itakayoonyesha kwamba haukuwepo. Lakini nakataa wanaosema kwamba kwa kuwa halipimiki basi laweza kusemwa vyovyote. Mtu akisema Mungu aliwasimamisha, amesema kwamba walisimama. Kama hawakusimama, neno lake limeanguka. Ushahidi haumwoni Mungu, ila unalinda mahali tunapomtaja. Na unalinda pia dhidi ya usemi mwingine ambao nimeusikia kanisani, ukanifanya nitoke nje nikiwa natetemeka: kwamba Mungu aliwaruhusu watekwe ili waje kuwa mbegu ya kanisa la Masasi.

Huo siukubali. Ukisoma namna watoto walivyotekwa na kuuzwa, huwezi kuweka utekaji ule katika mpango wa Mungu bila kumfanya Mungu mwenye msafara wa watumwa. Simulizi ya bibi haikusema hivyo kamwe. Ilisema Mungu aliwasimamisha. Haikusema Mungu aliwauza. Alijua tofauti, na nadhani waliomsimulia walijua zaidi, kwa sababu wao walikuwa wa nyumba za waliotekwa. Wenye kuibadilisha ni wahubiri wa baadaye waliotaka hadithi inayofunga vizuri. Ndiyo maana kupima si mchezo wa wasomi. Simulizi ikiachwa bila kupimwa, huweza kuongezewa kitu kinachomtukana Mungu na wafu kwa pamoja, tukasema amina.

Padri Yohana Abdallah, Myao wa misheni hii hii aliyehudumu Unangu, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Alikuwa kasisi, na hakuona kwamba kuandika mambo ya kale ya watu wake kunamwondolea ukasisi. Ningependa tufanye kama yeye, kwa upole na kwa haraka, maana waliosikia kutoka kwa waliosikia wamebaki wachache. Katika mafundisho ya kipaimara mwaka huu nimewaomba vijana waandike kutoka kwa bibi zao mambo manne tu: nini kilisemwa, nani alimwambia, alikuwa na umri gani aliposikia, na ni shamba gani lilioneshwa wakati wa kusimuliwa. Hilo la nne ndilo ninalolitegemea zaidi kwa habari za wanawake wa mwaka 1876. Majina yao hayasomwi katika ibada yoyote, lakini mashamba waliyofyeka chini ya Mtandi bado yanalimwa, na mengine yangali yanaitwa kwa jina la mwanamke aliyeyafungua. Daftari la kwanza lililorudi lina mashamba mawili ya namna hiyo, kutoka kwa mabibi wawili wasiofahamiana, na sasa tunatafuta wa tatu.